Nina BCom, je nichukue eksempsheni zote za CPA?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Kisumu, nimelifupisha kidogo: "Mwalimu habari. Nilimaliza BCom mwaka wa 2018, opsheni ya fedha, nikapata sekandi apa. Saa hii nashika vitabu vya duka la vifaa vya ujenzi huku Kondele na nataka kuanza CPA. Kuna college imeniambia na hiyo digrii watanipatia eksempsheni nianze moja kwa moja ngazi ya juu, rafiki yangu naye anasema nifanye ACCA, ile ya uhasibu ya Uingereza, ju wao wanasamehe pepa tisa. Je, nichukue kila eksempsheni nitakayopewa? Na ndugu yangu ana digrii ya ualimu, hesabu na biashara, yeye anaweza kupata kitu?"

Dada, asante, na nimefurahi umetaja mwaka uliomaliza pamoja na opsheni yako, manake watu huniandikia "nina BCom" wakaachia hapo, na kumbe mwaka na opsheni ndio vinaamua nusu ya jibu.

Kwanza tutoe hiyo ya college njiani. College haina uwezo wa kukupa eksempsheni, yaani kusamehewa pepa, awe nani hapo ndani, hata wakikuandikia barua yenye muhuri. Mitihani ya CPA, ile ya wahasibu wa kitaalamu, ni ya kasneb, bodi ya mitihani ambayo imekuwa ikitahini wahasibu wetu tangu 1969, na ni wao peke yao wanaoangalia makaratasi yako na kusema hii umesamehewa, hii kaa chini uifanye. College inaweza kukusaidia kujaza maombi, sawa, lakini maombi yenyewe unayafanya wewe kwa akaunti yako ya mwanafunzi kwenye mtandao wa kasneb na ada unalipa huko huko. Mtu akikuitisha pesa ya "kukuharakishia eksempsheni" usimpe. Naona vijana wanapoteza pesa hivyo hapa Nakuru kila wakati wa kusajili na inaniuma, ju ni pesa imetoka kwa mzazi aliyeuza ng'ombe ama kwa mshahara mdogo kama wako.

Sasa silabasi yenyewe, ile iliyoanza 2021. CPA ina ngazi tatu. Ya msingi ina pepa sita: uhasibu wa fedha, mawasiliano, utangulizi wa sheria na utawala bora, uchumi, hesabu za uchambuzi, na kompyuta. Ya kati nayo ni sita: sheria ya makampuni, usimamizi wa fedha, kuandaa na kuchambua ripoti za fedha, oditi, uhasibu wa menejimenti, na fedha za umma pamoja na kodi. Halafu ya juu, ambapo kuna uongozi na menejimenti, ripoti za fedha za juu, usimamizi wa fedha wa juu, pepa moja ya kuchagua kati ya kodi, oditi, uhasibu wa menejimenti na fedha za umma, na ile ya uchambuzi wa data inayofanywa kwa kompyuta.

Eksempsheni zinaishia ngazi ya kati. Ngazi ya juu hakuna anayesamehewa, uwe na digrii ama masters, kwa hivyo kwa hilo neno "kuanza ngazi ya juu" college ilisema ukweli nusu, inawezekana ukasamehewa nyingi sana za chini ukajikuta uko karibu kabisa na juu, lakini haiji kama kifurushi. Inaenda pepa kwa pepa. Wanachukua transkripti yako wanaangalia, hii pepa ya kwetu, je huyu aliisoma chuoni, na alichosoma kinafanana na silabasi yetu? Jina la digrii halitoshi. Sekandi apa pia haikusaidii sana hapo, manake wanaangalia yuniti moja moja.

Hapo ndipo opsheni yako inaingia. Toa transkripti, keti nayo mezani na silabasi ya kasneb upande huu, uwe na kalamu. Mtu wa opsheni ya fedha mara nyingi ana yuniti nyingi za usimamizi wa fedha, uwekezaji, masoko ya mitaji, uchumi, takwimu, lakini oditi hana kabisa ama ana yuniti moja ya utangulizi, na kodi ana moja. Angalia pia sheria. Wengi wanaona "Sheria ya Biashara" kwa transkripti wanafikiria wamemaliza na sheria ya makampuni, na hiyo siyo. Sheria ya biashara ya chuo inakufundisha mikataba, uwakala, uuzaji wa bidhaa, hiyo inalingana na ile pepa ya utangulizi wa sheria ngazi ya msingi. Sheria ya makampuni ni kampuni inavyosajiliwa, hisa, wakurugenzi na wajibu wao, mikutano, kampuni inavyofungwa. Kama hukuwa na yuniti yenye hayo mambo usiiombee, utangoja tu uje uambiwe hapana na wakati umeenda.

Basi tuseme umeomba na wamekukubalia nyingi, zote sita za msingi na labda nne za kati. Swali lako ni kama uzichukue zote. Jibu langu: za msingi chukua zote bila kuwaza mara mbili. Za kati usichukue zote. Nitakueleza kwa nini, na hapa naomba unisome polepole.

Ukisamehewa pepa, mtihani ndio umesamehewa. Yale yaliyomo ndani hujasamehewa, yatakungoja ngazi ya juu. Mtahini wa ripoti za fedha za juu hajali ulifika pale kwa mlango gani, anaandika swali akijua kila aliyeketi mbele ya hiyo karatasi ameshiba ngazi ya kati, na anaanzia hapo. Nafundisha jioni hapa mjini, na wanafunzi ninaowaona wakirudia ngazi ya juu mara kwa mara wengi wao si wale waliotoka chini pepa kwa pepa, ni watu wa digrii, watu wenye akili kabisa, waliosamehewa kila kitu wakaingia juu wakakuta maswali yanaongea lugha waliyoisikia mara ya mwisho wakiwa mwaka wa tatu chuoni. Akifeli anafikiri ni yeye hana uwezo. Siyo uwezo, ni msingi tu umekaa muda mrefu bila kuguswa, na hata mambo yenyewe yamebadilika yeye hayuko.

Wewe ulisoma kati ya 2014 na 2018. Chukua ukodishaji peke yake. Wakati mlikuwa darasani kiwango cha kimataifa cha uhasibu kilichokuwa kinatumika ni kile cha zamani, IAS 17, na kipya, IFRS 16, kikaanza kutumika rasmi 1 Januari 2019, mwaka mmoja baada ya wewe kuvaa joho. Tuseme hilo duka lako linapanga godauni hapo Kibuye kwa shilingi 600,000 kwa mwaka, mkataba wa miaka mitano, unalipa mwisho wa mwaka. Vile ulifundishwa, hiyo 600,000 unaiandika gharama ya pango kila mwaka na mambo yameisha, kwa mizania hakuna kitu. Kwa IFRS 16 unachukua hayo malipo matano unayaleta kwa thamani ya leo, tuseme kwa riba ya asilimia 12, kigezo cha jedwali ni 3.605, unapata 2,163,000. Hiyo inaingia mizania pande zote mbili, upande mmoja haki ya kutumia godauni kama mali, upande mwingine deni. Mwaka wa kwanza uchakavu ni 432,600 na riba ni 259,560, jumla 692,160, yaani faida imeshuka kwa zaidi ya 92,000 kuliko vile ungeandika wewe, na deni la kampuni limeongezeka kwa milioni mbili na zaidi. Benki ikiangalia uwiano wa deni na mtaji wa huyo mteja inaona kampuni tofauti kabisa. Hiyo ni mada moja tu. Mapato kutoka kwa mikataba na vyombo vya fedha navyo vilipata viwango vipya, IFRS 15 na IFRS 9, vikaanza kutumika 2018, mwaka ule ule unatoka, na wahadhiri wengi walikuwa bado wanafundisha kwa noti za zamani. Na IFRS 18 inakuja, inaanza na vipindi vya kuanzia 1 Januari 2027, itabadilisha vile taarifa ya faida na hasara inapangwa.

Kodi ndiyo mbaya zaidi kwa mtu wa miaka yako. Fikiria tu yaliyobadilika kwa hesabu ya mshahara wa mfanyakazi mmoja tangu umalize. PAYE, kodi inayokatwa kwa mshahara, ilikuwa inaishia asilimia 30, Sheria ya Fedha ya 2023 ikaongeza ngazi mbili, asilimia 32.5 kwa sehemu ya mshahara inayopita 500,000 kwa mwezi na 35 kwa ile inayopita 800,000. Ikaja ada ya nyumba asilimia 1.5 na mwajiri anaongeza ingine kama hiyo. Bima ya afya ya NHIF ikaondoka, Oktoba 2024 ikaingia SHIF ya asilimia 2.75. Na mwisho wa Desemba 2024 ile nafuu ya ada ya nyumba na ya bima ya afya ikatolewa, makato yenyewe sasa unayatoa kwanza kabla hujahesabu kodi. Kwa biashara ndogo kodi ya mauzo ilipanda kutoka asilimia 1 hadi 3 mwaka wa 2023, na ankara zote zinapitia eTIMS, ule mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki. Mtu aliyefanya kodi chuoni 2017 na hajagusa tena, akisamehewa hiyo pepa halafu aje achague kodi kama pepa yake ya utaalamu huko juu, sijui atashika wapi. Labda wewe kwa sababu unafanya mishahara ya duka unayajua haya ya PAYE kwa mikono, na hiyo ni faida kubwa, lakini VAT ya bidhaa zilizosamehewa na zile za kiwango cha sifuri je? Kodi ya ubia? Kodi ya faida ya mtaji?

Sheria ya makampuni hata kama umeipata kwa transkripti, jiulize ulifundishwa ipi. Sheria mpya ni ya 2015 na sehemu zake ziliingia kazini kwa awamu, na noti za vyuo vingi zilibaki za ile ya zamani, sura ya 486. Ile ya zamani ilitaka watu wawili kufungua kampuni ya binafsi, mpya inakubali mmoja. Ile ya zamani kila kampuni ilikuwa na katibu, sasa kampuni ya binafsi inalazimika kuwa na katibu ikiwa tu mtaji uliolipwa umefika shilingi milioni 5. Vitu kama hivyo ndivyo maswali yanatoka.

Kwa hivyo ningekuwa wewe ningefanya hivi. Msingi wote, eksempsheni. Kati, usimamizi wa fedha chukua eksempsheni, hiyo ni opsheni yako na hata ukiulizwa usiku wa manane kuhusu gharama ya mtaji naamini utajibu. Uhasibu wa menejimenti, kama gredi yako ilikuwa nzuri na hukuifanyia sapu, chukua. Oditi pengine hutapewa, utaifanya. Ripoti za fedha na kodi, zifanye hata kama umepewa, yaani usizilipie eksempsheni, zisajili kama mtihani. Sheria ya makampuni itategemea hiyo transkripti inasema nini, ila ukiwa na shaka ifanye tu, ni ya kusoma siyo ya kupiga hesabu na mtu anayefanya kazi anaiweza akiisoma ndani ya matatu asubuhi na jioni.

Najua unawaza kwamba hiyo ni kupoteza muda. Hebu tuhesabu. kasneb wana mitihani mara tatu kwa mwaka, Aprili, Agosti na Desemba. Ukifanya oditi, ripoti za fedha na kodi kwa kikao kimoja umetumia miezi minne zaidi ya yule aliyesamehewa zote. Miezi minne. Ukiingia juu bila msingi na ukaanguka ripoti za fedha za juu mara mbili umepoteza miezi minane na ada mara mbili na, hii watu hawasemi, moyo umevunjika, na moyo ukishavunjika mtu anaacha CPA kabisa anaanza kusema mitihani ya kasneb ni ya kufelisha watu. Nimeona watu wazuri wakiachia hapo na sitaki uwe mmoja wao.

Upande wa pesa pia, eksempsheni siyo bure. Unalipia kila pepa unayosamehewa, na ya kati ada yake ni juu kuliko ya msingi. Kwa hivyo ile pepa unayojua utalazimika kuisoma upya kwa vyovyote vile, hiyo pesa heri uiweke kwa mtihani wenyewe na kitabu cha rivisheni.

ACCA sasa. Rafiki yako yuko sawa, wanasamehe mpaka pepa tisa kati ya kumi na tatu, na zile nne za mwisho za ngazi ya juu hakuna anayesamehewa, utaona ni mpango ule ule. Lakini tisa ndiyo kiwango cha juu kabisa, si kila BCom inapata tisa. Kwenye tovuti yao kuna kikokotoo, unaweka nchi, chuo, digrii na mwaka, kinakuambia ngapi kabla hujalipa chochote, kwa hivyo angalia huko usitegemee maneno ya mtu. Na hapo pia unalipia kila eksempsheni, kwa pauni, na shilingi yetu ukiibadilisha kwa pauni unaijua. Ukishapita ya kwanza kati ya zile nne una miaka saba kuzimaliza zote. Bado kuna miezi 36 ya uzoefu wa kazi na moduli ya maadili.

Usiamue kwa idadi ya eksempsheni. Amua kwa kazi unayoitaka. Kama mpango ni kukaa hapa, kaunti, SACCO, shule, hospitali ya misheni, ama siku moja kufungua ofisi yako ya oditi Kisumu, CPA ndiyo matangazo ya kazi ya huku yanataja, na ripoti ya ukaguzi wa kampuni huisaini mpaka uwe mwanachama wa ICPAK, chama cha wahasibu wa Kenya, mwenye cheti cha kufanya kazi hiyo. Kama macho yako yako kwa mashirika ya kimataifa ama kuhamia Uingereza ama Ghuba, ACCA ina maana. Na ju wewe ni mtu wa fedha nitakutajia ya tatu ambayo hukuuliza, CIFA, ni ya kasneb pia, inahusu uwekezaji na uchambuzi wa fedha. Kama roho yako iko kwa mifuko ya pensheni na hisa kuliko kwa vitabu vya hesabu, isome silabasi yake kabla hujajisajili popote.

Makaratasi: unahitaji kwanza kuwa mwanafunzi wa kasneb aliyesajiliwa, ndio uombe. Kitambulisho, cheti cha KCSE, cheti cha digrii na transkripti za miaka yote, siyo ya mwaka wa mwisho peke yake. Kama kuna yuniti gredi yake haijaingia, ile alama inayokosekana tunayoijua sisi sote, enda chuoni imalizwe kabla ya kuomba, usipeleke transkripti yenye shimo. Omba mapema, mbali na tarehe ya mwisho ya kusajili mtihani, manake jibu likichelewa unajikuta huwezi kusajili ngazi ya pili kwa kikao hicho. Na usisajili mtihani wa pepa ambayo umeombea eksempsheni, ngoja jibu.

Ndugu yako wa ualimu. Anaweza, ndio, usimwache aambiwe digrii yake haihesabiki. Kwa hesabu na biashara aangalie hasa ile pepa ya hesabu za uchambuzi ngazi ya msingi, takwimu, uwezekano, matriki, kalkulasi, hizo amezifanya zaidi ya mtu wa BCom. Uchumi akiwa aliusoma kwa yuniti kamili pia aombe, na mawasiliano na kompyuta ambazo karibu kila mwanafunzi wa chuo hupitia mwaka wa kwanza, aone kama yaliyomo yanalingana. Uhasibu wa fedha, hata kama biashara yake ilikuwa na yuniti mbili tatu za uhasibu na wakamsamehe, mimi ningemwambia aifanye, yeye hashiki vitabu kazini kama wewe na hiyo ndiyo pepa itakayombeba mpaka mwisho. Likizo ya Agosti na ya Desemba walimu wako nyumbani, na vikao viwili vya mtihani viko kwa miezi hiyo hiyo, kwa hivyo mwambie apange pepa mbili mbili, asijibebeshe sita. Wewe ukishapanga transkripti yako na silabasi vile nimesema, niandikie ni yuniti gani za uhasibu na kodi unazo na gredi zake tuangalie pamoja kabla hujalipa.